Maswali yenu: samaki wa vidimbwi vya mwambani

*Maji yakipwa huku kwetu, naona visamaki vya rangi ya mawe vimebaki vidimbwini. Ni watoto wa samaki wakubwa?*

Baadhi ni watoto kweli. Lakini yule anayelaza tumbo juu ya mwamba, asiyesogea mpaka umkaribie, huenda amekwisha kukomaa. Pwani ya Afrika Mashariki tunaye Bathygobius fuscus, ambaye hata akimaliza kukua anaenea kiganjani. Mtazame mapezi ya ubavuni: sehemu ya juu imechambuka nyuzinyuzi.

*Mbona mawimbi hayamchukui?*

Mapezi yake mawili ya tumboni yameungana yakawa kama kikombe, naye hujibandika nacho.

*Nilimchokoza mmoja kwa kijiti, akaruka moja kwa moja hadi kidimbwi cha pili. Alijuaje kuna maji huko?*

Swali hili nimelipenda mno. Akiwa chini kidimbwini, hakioni kidimbwi cha jirani, na akikosea ataangukia mwamba mkavu. Mtafiti Mmarekani Lester Aronson alimchunguza ndugu yake wa Atlantiki, Bathygobius soporator, akachapisha matokeo mwaka 1951 na 1971. Aligundua kwamba maji yakijaa, samaki huyu huogelea juu ya mwamba na kushika yalipo mabonde yake. Yakipwa, huruka kwa kumbukumbu. Katika vidimbwi vya kutengeneza, samaki wageni walifaulu kuruka kwa asilimia 15 tu. Walipoachiwa maji yajae mara moja, wakazunguka, walifaulu kwa asilimia 97. Wengine waliondolewa, wakarudishwa baada ya siku 40, na bado waliikumbuka njia! Samaki mdogo kiasi hicho anastahili heshima kuliko anayopewa.

*Wanangu hupenda kufunua mawe na kuwakamata kwa ndoo. Niwakataze?*

Usiwakataze kutazama, hapo ndipo mapenzi ya bahari huanzia. Ila jiwe walirudishe palepale, upande wa chini ukae chini. Jike hugandisha mayai chini ya jiwe na dume hubaki kuyalinda. Jiwe likiachwa limepinduka, mayai hukauka juani. Na samaki wa ndooni arudishwe kidimbwi kilekile alichotolewa. Ukimmwaga penginepo, hata kama maji ni mengi na mazuri, atakuwa mgeni asiyejua aruke wapi ndege wa pwani akimjia.