Kuchagua Hambaka za Gitaa la Umeme: Maswali na Majibu

Swali: Gitaa langu lina pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) za koili moja, nalo huvuma kila ninapokaa karibu na kompyuta. Je, hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, itaniondolea kero hiyo?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Koili ya waya hunasa mtetemo wa nyuzi, lakini hunasa pia umeme unaozagaa chumbani, ambao hutetema mara 50 au 60 kwa sekunde kutegemea nchi uliyopo. Hambaka ina koili mbili zilizounganishwa kinyume, na ncha zao za sumaku pia ziko kinyume, hivyo mvumo ulioingia kote kuwili hufutana ilhali sauti ya nyuzi hujumlishwa. Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya magitaa ya Gibson, aliombea ubunifu wake hataza mwaka 1955 na kuipata mwaka 1959. Katika kipindi cha kungoja, pikapu zilibandikwa karatasi ya kuarifu kwamba hataza imeombwa, na humo ndimo lilimotoka jina PAF (kifupi cha Kiingereza "Patent Applied For") linalotajwa kwa heshima hadi leo. Ukimya huo una gharama yake: sehemu ya ule mng'ao wa koili moja hupotea.

Swali: Nimeona hambaka moja ya kilo-omu 8 na nyingine ya 16. Je, ya pili ina nguvu maradufu?

Hapana, na kosa hili ndilo linalowapotosha wanunuzi wengi kuliko mengine yote. Omu hupima ukinzani wa waya, wala si ukubwa wa sauti. Waya mwembamba zaidi, hata ukizungushwa idadi ileile, utaonyesha ukinzani mkubwa zaidi, na nguvu ya sumaku haionekani kabisa katika kipimo hicho. Tarakimu hizo zina maana pale tu unapolinganisha pikapu zenye waya na sumaku za aina moja. Hapo, mizunguko mingi huongeza nguvu na sauti ya kati, lakini hufifisha sauti kali za juu. Binafsi, kwa mtu anayependa kupiga kwa sauti safi na kuipunguza kwa kitufe cha gitaa, ningeanza na ile ya 8. Ya 16 huifanya amplifaya ikwaruze mapema, jambo ambalo mpiga roki nzito hulitafuta kwa makusudi.

Swali: Nichukue hambaka yenye sumaku ya aliniko (aloi ya alumini, nikeli na kobalti) au ya seramiki?

Aliniko 2 ni laini, na noti huingia kwa upole. Aliniko 5 ina besi iliyokaza na ukali zaidi. Seramiki hupiga kwa kishindo na kubaki wazi hata distoshoni (ukwaruzaji wa sauti) ikiwa nyingi. Dhana kwamba seramiki ni dalili ya pikapu duni haina msingi.

Swali: Sauti ya pikapu ya shingoni inaifunika kabisa ile ya pikapu ya briji (daraja linaloshikilia nyuzi mwilini mwa gitaa). Ninunue ya briji yenye nguvu zaidi?

Chukua bisibisi kwanza. Uzi hucheza kwa upana zaidi karibu na shingo, kwa hiyo tofauti hiyo ni ya kawaida. Bonyeza nyuzi za pembeni kwenye freti (kipande cha chuma shingoni) ya mwisho, kisha pima kutoka chini ya uzi hadi juu ya pikapu: milimita 2 hivi zinafaa kwa briji, na ile ya shingoni ishushwe zaidi. Geuza skrubu ya kupandisha na kushusha pikapu nusu mzunguko, piga, sikiliza, kisha ugeuze tena. Nimewahi kukaribia kununua pikapu mpya kwa tatizo lililomalizwa na mizunguko miwili ya skrubu.

Swali: Je, hambaka yoyote itaingia kwenye gitaa langu?

Pima nafasi kati ya katikati ya uzi wa kwanza na wa sita juu ya pikapu ya briji, kwa kuwa kuna hambaka za takriban milimita 50 na nyingine za 53. Kagua pia potenshiometa (vikinza vilivyo chini ya vitufe vya sauti): hambaka kwa kawaida hufungiwa zile za kilo-omu 500, na ukiziacha za 250 zilizokuwa za koili moja, sauti itakuwa nzito na butu. Ukitaka kuzima koili moja mara mojamoja, hakikisha pikapu ina nyaya nne mbali na ile ya ardhi, na ukumbuke kwamba ukishaizima, mvumo utarudi.