Kabla ya kununua gemu kwa sababu ya mamilioni yake

Wiki iliyopita kijana mmoja alitoka Kakamega akanijia kwenye chumba changu cha gemu hapa Kondele, Kisumu. Anataka kufungua chumba cha kuchezea gemu, na kwenye simu yake alikuwa na orodha ya gemu zilizouzwa sana duniani. "Kaka, hii Wii Sports imeuza karibu milioni 83. Si nianze nayo?" Nikamvutia kiti, maana mimi nilianza nayo.

Nilitafuta Wii ya mtumba (mtambo wa gemu wa Nintendo), nikaifunga kwenye televisheni ya karibu na mlango. Watoto wakacheza tenisi siku tatu, kamba ndogo ya padi, kile kidude cha kushika mkononi, imewabana kifundo cha mkono, kisha wakarudi kwenye foleni ya gemu ya mpira. Mtambo ukakaa. Baadaye ndipo nilipojua kwamba sehemu nyingi za dunia gemu hiyo ilikuja ndani ya boksi la Wii. Ukinunua mtambo, umepewa na gemu. Basi swali langu la kwanza siku hizi ni hilo: watu waliichagua, au waliikuta kwenye boksi?

Swali la pili ndilo ninalotaka ulikalie. Mtambo wenyewe ulikuwa mikononi mwa watu wangapi? Chukua Mario Kart, gemu ya mbio za magari. Ya Wii iliuza zaidi ya milioni 37. Ya Wii U, mtambo uliokuja baada ya Wii, yaani Mario Kart 8 ya 2014, iliuza milioni 8 na nusu hivi. Ukiishia hapo utasema imeanguka vibaya. Lakini Wii ziliuzwa zaidi ya milioni 101, na Wii U milioni 13.5 tu. Sasa gawanya. Kwa kila Wii 100 ziliuzwa Mario Kart kama 37. Kwa kila Wii U 100, kama 62. Kumbe mtambo ndio uliokosa wanunuzi, gemu ilipendwa. Mwaka 2017 Nintendo waliirudisha gemu ileile kwenye Switch, mtambo wao uliofuata, wakaiongezea vitu vichache, nayo imepita milioni 60. Hesabu hii ya kugawanya huchukua dakika moja kwenye simu. Ifanye kila mara.

GTA V (Grand Theft Auto V) ina shida nyingine. Imepita milioni 200, lakini ilitoka 2013 kwa mitambo ya PS3 na Xbox 360, mwaka uliofuata kwa PS4 na Xbox One, kisha kompyuta, na 2022 ikafika PS5. Mtu mmoja anaweza kuwa ameinunua mara tatu. GTA ya zamani, San Andreas ya 2004, iliuza kama milioni 17 kwenye PS2, na ukiziweka pamoja hivyohivyo utadhani San Andreas ni gemu ndogo. Sisi tuliokulia huku tunajua sivyo! PS2 nyingi nilizocheza utotoni zilikuwa zimechipiwa zikubali diski zisizo halali, na diski zenyewe ni nakala zilizoandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito, na hakuna hata moja iliyoingia kwenye hesabu ya mtu. Hata diski halali ya mtumba huhesabiwa mara moja tu, ilipouzwa ikiwa mpya. Mapenzi ya mitaa yetu hayamo kwenye orodha zile, na hilo huniuma kidogo kila ninapozisoma.

Gemu za mpira nazo usizilinganishe na Mario Kart 8. FIFA ilitoka upya kila mwaka, na tangu 2023 jina lenyewe limebadilika kuwa EA Sports FC, kwa hiyo mauzo yake yamegawanyika vipande vipande.

Kinachonilisha mimi ni daftari. Kila mechi inayochezwa nachora mstari mmoja chini ya jina la gemu, na Jumapili jioni nahesabu. Daftari hilo ndilo lililonionyesha kuwa wateja wangu hawasumbuliwi na mpira wa msimu uliopita, mradi padi zinafanya kazi vizuri. Nikaacha kukimbilia diski mpya, pesa zikaenda kwenye padi.

Yule kijana alinakili safu zangu: gemu, mtambo, siku, mechi. Kuna chumba cha rafiki yake Kakamega mjini; atakaa pale wiki mbili akihesabu kabla ya kununua chochote. Ameahidi kunipigia akimaliza, na ninaisubiri simu hiyo kwa hamu.