Ngazi za ramani yako ya Doom
Kaka uliyeuliza kwa nini mchezaji anagoma kupanda ngazi kwenye ramani yako ya Soko la Majengo, tatizo ni kimo tu, Doom, ule mchezo wa kompyuta wa kupiga risasi wa 1993, inakubali kupanda yuniti 24 (kipimo cha ndani ya mchezo) kwa hatua moja, we umeweka 32 hapo umejenga ukuta. Weka 16 kila ngazi atapanda freshi. Ghorofa juu ya vibanda achana nayo, injini ile ya zamani, yaani programu inayoendesha mchezo, haina chumba juu ya chumba, kila sekta (kipande cha ramani) sakafu moja dari moja basi. Mi kwenye ramani yangu ya stendi ya Nanenane nilipandisha sakafu upande mmoja hadi 96 nikaweka ngazi pembeni, ukisimama chini unaona ghorofa kabisa. Na mwanga usiuache 255, yaani mwanga kamili, kote bana, chini ya vibanda shusha hadi 128, kile kivuli cha saa saba mchana kinatokea chenyewe.