Usishike Kufuli Kabla ya Kuuliza Nafasi

Kwenye diko moja hapa Malindi niliandika programu mbili za C. Moja inasoma kilo kwenye mizani ya samaki, nyingine inachapa risiti. Printa ni goigoi na mizani haingoji mtu, kwa hivyo katikati nikaweka kumbukumbu ya pamoja (sehemu ya memori ambayo programu zote mbili zinaiona) kwa shm_open na mmap, yenye nafasi 16. Mzalishaji (programu ya mizani) anatia, mlaji (programu ya printa) anatoa.

Semafori, yaani vihesabu vya kupangiana zamu, zilikuwa tatu: tupu (nafasi zilizo wazi) inaanza na 16, jaa (nafasi zilizojaa) na 0, kufuli (aingie mmoja mmoja) na 1. Wazo ni la Dijkstra, mtaalamu wa kompyuta Mholanzi, la miaka ya 1960. sem_wait hupunguza moja, ikikuta sifuri inakulaza mpaka mwingine apige sem_post, inayoongeza moja.

Msimu wa kusi, vyombo vichache, mambo shwari. Kaskazi ilipoingia mashua zikaja kwa mkupuo, mizani ikaganda, wachuuzi wakanizunguka na ndoo zao. Nikaua programu zote mbili, nikaziwasha upya. Zimeganda vilevile!

Kosa la kwanza lilikuwa langu tupu. Mzalishaji alishika kufuli kwanza, ndipo akangoja tupu. Nafasi zikijaa, yeye amejifungia stoo na ufunguo mfukoni, anasubiri mzigo utolewe, na mtoaji yuko nje ya mlango. Ngoja tupu kwanza, kisha kufuli. Mlaji naye angoje jaa kwanza. Kuachia hakuna mpangilio wa kuua mtu.

La pili lilinichosha zaidi. Semafori yenye jina, kama hizi zangu za sem_open, haifi pamoja na programu. Kwenye Linux inabaki ndani ya /dev/shm na thamani yake ya mwisho, na sem_open yenye O_CREAT (unda kama haipo) ikiikuta ipo, ile 1 uliyoandika haitazamwi. Kufuli langu lilikuwa bado sifuri. Siku hizi mzalishaji ndiye anayewashwa kwanza, naye hupiga sem_unlink, inayofuta jina la zamani, kabla ya kuunda upya. Mmoja tu afanye hivyo, la sivyo kila mmoja atashika semafori yake.

(Ukitumia sem_init, ya semafori isiyo na jina, hoja ya pili isiwe 0, hiyo ni ya nyuzi (threads) za programu moja.)

Na kabla ya kupeleka diko, napunguza nafasi ziwe 2, natia sleep(1), yaani kulala sekunde moja, upande wa printa. Kosa lililojificha msimu mzima lilijitokeza chai haijapoa.