Gia ya otomatiki inateleza: pima mafuta kabla ya kununua giaboksi

Kaka, usikubali kubadilisha giaboksi kwa sababu tu fundi amesikia injini ya Corolla yako (modeli ya NZE121) ikinguruma mlimani bila gari kuongeza mwendo. Anza na mafuta ya gia. Endesha mpaka gari lipate moto, lisimamishe pahali tambarare bila kuzima injini, pitisha lever kwenye gia zote polepole, rudisha P, kisha usome kijiti cha kupimia mafuta ya gia, upande ulioandikwa HOT (moto). Yakiwa pungufu, pampu hunyonya hewa, presha hushuka, na klachi za ndani ya giaboksi hazishiki. Tafuta yanapovujia.

Sasa yanuse. Hatua hii ni muhimu kuliko zote. Yakiwa mekundu au ya kahawia kidogo bila harufu ya kuungua, mwaga, fungua sampo (bakuli la mafuta chini ya giaboksi), safisha sumaku iliyomo, badilisha chujio, weka mafuta ya gia ya Toyota aina ya Type T-IV. Ukimwaga zitatoka kama lita 3 tu, nyingine hubaki ndani ya tokonvata (kiungo kati ya injini na giaboksi), kwa hiyo rudia baada ya siku kadhaa. Pima pia kwa mashine ya kusoma kodi za hitilafu. Kodi P0750 huelekeza kwanza kwenye solenoidi ya gia (vali ya umeme) au waya zake.

Yakiwa meusi yananuka kuungua, na kwenye sampo kuna unga mwingi mweusi, klachi pleti zimekwisha. Hapo mafuta mapya hayatakuponya. Omba bei ya kufanyiwa ovahooli (kufungua giaboksi na kuikarabati) na ya giaboksi iliyotumika, ulinganishe. Mpaka hapo usibebe mzigo wala kupanda milima. Kila mtelezo unaunguza pleti zilizobaki.