Kilomita 67 kwa Lita Moja: Niliyoyaficha Kuhusu Gari Langu la Haibridi la Kuchaji

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja anayeishi Sinza, Dar es Salaam. "Kaka, habari za siku. Lile gari ulilolisifia nimelinunua. Linanipa kilomita 10 kwa lita. Ulitudanganya, au nimeuziwa bovu?" Nilisoma ujumbe huo nikiwa kwenye foleni ya Mwenge, nikaitia simu mfukoni, lakini haukunitoka kichwani hadi nilipofika nyumbani. Ni kweli kwamba mwaka jana niliandika makala ya majivuno kuhusu gari hili na kilomita zake 67 kwa lita, nikaweka na picha ya dashibodi, na sikusema neno moja la uongo. Nilichofanya ni kusema nusu ya habari, na nusu niliyoinyamazia ndiyo iliyomgharimu ndugu yangu huyu.

Gari lenyewe ni Mitsubishi Outlander ya haibridi ya kuchaji, yaani linatumia petroli na umeme, na betri yake huchajiwa kwa kuchomekwa ukutani, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2013. Lina injini ya petroli ya cc 2,000, mota mbili za umeme za kilowati 60 kila moja, moja mbele na nyingine nyuma, tanki la lita 45, na betri ya uniti 12 iliyolazwa chini ya sakafu. Uniti hizo ni zilezile tunazozinunua kwa LUKU, umeme wa kulipia kabla, na kwa hiyo hesabu zake hazihitaji mhandisi. Karatasi za Kijapani zinasema kwamba gari likiwa jipya huenda kilomita 60.2 kwa umeme peke yake, na kwamba kwa kuchanganya umeme na petroli linafikia kilomita 67 kwa lita. Hiyo 67 ndiyo iliyonitoa akili. Ni namba ya vipimo, tena inayochukulia kwamba mwenye gari analichaji mara kwa mara na kwamba umeme haumo katika hesabu ya lita. Asiyechaji hana haki hata ya kuitaja.

Naomba nitoe hesabu zangu halisi, zile ambazo mwaka jana niliona aibu kuziandika kwa sababu hazipendezi kama ile 67. Nyumbani kwangu Madale hadi ofisini Posta ni kilomita 27 kwa dashibodi yangu, na kurudi ni hivyohivyo, jumla 54. Betri yangu si mpya, na gari halikuruhusu kuikausha yote, kwa hiyo kuijaza usiku kunakula kama uniti 10 za ukutani na kunanipa kilomita 32 hivi, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Asubuhi nafika Posta bila injini kuwaka. Jioni umeme unaisha kabla sijafika makutano ya Morocco, na kilomita 22 zilizobaki nazitembea kwa petroli, kwa wastani wa kilomita 12 kwa lita. Uniti moja kwangu ni shilingi 356, na petroli naihesabu kwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Umeme ni shilingi 3,560, petroli ni shilingi 5,500, jumla ni kama 9,060 kwa siku. Gari langu la zamani lilikuwa likinipa kilomita 8 kwa lita katika foleni hiyohiyo, yaani zaidi ya shilingi 20,000 kila siku ya kazi. Kwa siku 22 za kazi tofauti inakaribia shilingi 246,000. Fedha hiyo ninaiona, naishika, na sioni haya kusema kwamba ndiyo inayolipa ada ya mtoto wangu wa mwisho.

Hata hiyo 246,000 ina tundu, na aliyelivumbua ni mke wangu. Kabla ya gari hili nyumba yetu ilikuwa haifikishi uniti 75 kwa mwezi, na kwa hiyo tulikuwa tukinunua umeme kwa bei ya watumiaji wadogo, shilingi 122 kwa uniti. Gari likaongeza uniti 220. Siku moja mke wangu alinunua umeme wa shilingi 10,000 kama kawaida yake, akaona uniti 28 tu, akanijia na simu mkononi na kuniuliza kwa utulivu uliokuwa mbaya kuliko ukali: "Baba, hili friji letu limeanza kwenda Posta?" Tulikuwa tumehamishwa kundi. Sasa friji, pasi na taa, ambazo ni uniti kama 70 kwa mwezi, nazo zinalipiwa kwa 356, na hilo peke yake ni zaidi ya shilingi 16,000 za ziada kila mwezi. Faida bado ipo na ni kubwa, lakini mtu anayekueleza faida ya gari la kuchaji bila kukuuliza kwanza nyumba yako iko kundi gani la bei ya umeme, huyo hajakueleza kitu. Nami mwaka jana sikueleza.

Kuhusu soketi nitasema kwa ufupi kwa sababu ni jambo la kuungua nyumba. Juma la kwanza nilichajia kwenye ekstensheni ya dukani iliyopitishwa dirishani, na usiku wa tatu niliamshwa na harufu ya plastiki. Nilipoishika plagi, ilikuwa moto na mguu wake mmoja umezama kwenye plastiki iliyolainika. Gari huvuta umeme mwingi kwa saa nne au tano mfululizo, jambo ambalo pasi au jiko la umeme havifanyi. Niliita fundi umeme, akavuta waya wake peke yake wa milimita za mraba 4 kutoka kwenye mita, akaweka sakiti breka yake, akachimbia fimbo ya ethi. Usichaji hata usiku mmoja kabla ya kazi hiyo kufanyika.

Sasa nirudi kwa ndugu yangu wa Sinza, ambaye baada ya maswali mawili matatu alinieleza kwamba anaishi ghorofa ya tatu, gari hulala barabarani chini ya macho ya mlinzi, na hajawahi kulichomeka hata mara moja. Badala yake hubonyeza kitufe cha CHARGE kila aingiapo kwenye foleni ili injini ijaze betri, halafu hufurahia ukimya wa umeme akifika mbele. Hapo ndipo kilomita zake zinapopotelea. Lita moja ya petroli ikipita kwenye injini na jenereta inakupa uniti mbili na nusu hivi za umeme, yaani kila uniti unainunua kwa shilingi 1,200, wakati LUKU inakuuzia kwa 356. Huo ni umeme wa jenereta, na kila aliyewahi kuwa na duka enzi za mgao anajua bei yake. Kwa mtu asiye na mahali pa kuchaji, haibridi ya kawaida isiyochomekwa, ambayo ni nyepesi na haibebi betri kubwa ingemfaa zaidi, na ningemwambia hivyo laiti angeniuliza kabla ya kununua badala ya kuniamini kwa picha ya dashibodi.

Lakini nisijifanye mwalimu upesi, kwa sababu somo kubwa nililipata kwa aibu yangu mwenyewe kwenye mlima wa Lushoto, mkoani Tanga. Ilikuwa safari ya harusi upande wa wakwe. Nilitoka Madale betri ikiwa imejaa, nikakamata njia ya Bagamoyo kwenda Msata, na kwa kuwa nilitaka kumwonyesha shemeji yangu jinsi gari linavyokwenda bila sauti, niliuacha umeme utumike wote. Uliisha hata kabla hatujafika Bagamoyo. Kutoka hapo hadi Mombo, zaidi ya kilomita 250, gari lilikwenda kwa petroli na sikuona tatizo, kwa maana katika barabara kuu injini hushika magurudumu moja kwa moja kuanzia mwendo wa kama kilomita 65 kwa saa, nayo huimudu kazi hiyo vizuri. Mombo tukageuka kulia na kuanza kupanda.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona, na unapanda karibu mita 1,000. Katika mwendo wa kona zile injini haishiki magurudumu, bali inazalisha umeme tu, na mota ndizo zinazosukuma. Betri ikiwa na akiba, mota huchota kwake zinapohitaji nguvu ya ziada. Betri yangu haikuwa na akiba. Tulikuwa watu wazima watano, na nyuma kulikuwa na gunia la mchele na masufuria ya kukodi. Injini ilipiga kelele kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, gari likitambaa kwa mwendo wa baiskeli, na basi dogo la abiria likatupita kwenye kona huku kondakta akituangalia kwa huruma. Mama mkwe, ambaye alikuwa amekaa kimya tangu Korogwe, akasema: "Mwanangu, gari lako la umeme linalia kama mashine ya kukoboa." Shemeji, ambaye ana gari la dizeli lenye umri wa miaka ishirini na zaidi, hakusema kitu. Alitazama tu nje, mabega yakimtikisika.

Tulipofika Soni nilisimama karibu na maporomoko na kuwaambia wateremke waone maji. Kumbe nilikuwa nimebonyeza CHARGE gari likiwa limesimama, ili injini ijaze betri kidogo kabla ya kipande cha pili. Walitazama maji kwa dakika ishirini na tano. Mama mkwe alitazama kwa dakika tano, zilizobaki alinitazama mimi.

Mwaka uliofuata nilikwenda tena, na safari hii nilijua kitufe cha SAVE, cha kuutunza umeme wa betri, kiliwekwa kwa kazi gani. Nilikibonyeza nilipofika tu njia ya Bagamoyo, betri ikiwa karibu imejaa, na nikakitoa Mombo. Injini ya petroli ilifanya kazi barabara kuu, mahali inapostahili, na umeme ulifanya kazi mlimani. Mwendo niliushikilia kwenye 80 na 90, jambo lililoniokoa na tochi za askari wa barabarani pia, na wastani wangu hadi Mombo ulikuwa kilomita 13 kwa lita, tofauti na 11 za mwaka wa kwanza nilipokuwa nikikimbizana na mabasi. Lushoto tulipanda kama tunateremka.

Kule kwa wakwe nilichaji, lakini niliwanunulia kwanza umeme wa shilingi 10,000, kwa kuwa kuchomeka gari kwenye soketi ya mkwe bila kununua uniti ni kujitafutia jina. Tena sikuijaza betri hadi mwisho. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme unaozalishwa wakati wa kuteremka, na mteremko wote unaishia kwenye breki. Nyuma ya usukani kuna vibao viwili vya kuchagua nguvu ya kuzuia kwa mota, kuanzia B0 hadi B5 iliyo kali kuliko zote. Niliweka B5 kutoka Lushoto, na kwa sehemu kubwa ya njia mguu wangu haukugusa breki. Tulipofika Mombo dashibodi ilikuwa imeongeza kilomita nane ambazo sikuzilipia. Nilimwonyesha shemeji namba ile, nami nakiri kwamba nilimwonyesha mara mbili.

Kwa hiyo, wenzangu mnaotamani gari hili, jifunzeni kuipanga safari kabla ya kuwasha. Umeme uutumie pale petroli inapopotea bure, yaani kwenye foleni, kwenye mwendo wa polepole na kwenye mlima. Petroli uiachie barabara kuu. Kwenye foleni tumia B5, kwenye barabara iliyonyooka punguza ili gari liserereke lenyewe, na usilikanyage kwa hasira kila taa inapokuwa ya kijani, kwa maana hakuna betri inayoshinda mguu mzito. Kiyoyozi kitakula umeme wako na huna la kufanya kwa joto letu la Dar es Salaam. Kinyume chake kilinishangaza Lushoto, asubuhi ya baridi, nilipowasha hita na injini ikawaka papo hapo, kwa kuwa gari langu halina hita ya umeme na linategemea joto la injini. Tulivaa makoti.

Wanaoniuliza kuhusu njia mbaya niwajibu hivi: masika ya Madale linayamudu. Mota mbili zikisukuma kwa pamoja taratibu, na kitufe cha 4WD LOCK kikiwa kimebonyezwa, tope linalowanasa majirani zangu nalipita kwa ukimya. Hata hivyo halina gia nzito ya kupandia mawe, na betri ipo chini ya miguu yako. Mwenye shamba la kufikia kwa kuvuka mito anunue gari jingine.

Jambo la mwisho, na hili ni lako, ndugu yangu wa Sinza, kabla hujaamua kuliuza. Kanunue kifaa kidogo cha kusomea gari, kile kinachochomekwa chini ya usukani na kuunganishwa na simu, na umwombe fundi anayelijua gari hili akuonyeshe uwezo wa betri uliobaki, unaoandikwa kwa Ah (ampea-saa). Mpya huwa 40 kwa karatasi. Kama yako inasoma zaidi ya 30, una gari zuri lililokosa soketi, na mazungumzo yako ni na mwenye nyumba wako kuhusu mita ndogo pale chini kwa mlinzi, ambayo utailipia mwenyewe. Kama inasoma 20, mazungumzo yako ni na aliyekuuzia. Nitumie picha ya hiyo namba.