Maswali ya Wasomaji: Ninatumika Sana Kanisani, Mbona Sikui?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, na nilimpokea Kristo mwaka 2009 nikiwa chuoni. Kanisani kwetu ni mweka hazina wa kwaya, nafundisha shule ya Jumapili na nimo katika kamati ya ujenzi. Ninafunga, na mikesha siikosi. Hata hivyo, kwa muda mrefu sasa najiona nimedumaa: nikisali maneno yananiishia, nikifungua Biblia usingizi unanichukua, na hasira zangu ni zile zile za zamani. Rafiki yangu anasema nimefungwa na madhabahu za ukoo, hivyo niende kwa mtumishi mmoja anayefungua watu, nitoe sadaka maalumu na kununua mafuta ya upako. Je, niende? Labda nikueleze pia kwamba mimi na kaka yangu hatusemezani tangu baba alipofariki, kwa sababu ya kiwanja, ingawa sioni kama hilo linahusiana na swali langu. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Amina, dada mpendwa. Nianze na ushauri wa rafiki yako, kwa kuwa ndio unaoweza kukugharimu fedha wiki hii. Usiende. Sikatai kwamba nguvu za giza zipo, maana Injili zenyewe zinazitaja waziwazi. Lakini nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anawapinga watu waliozoea kusema kwamba baba walikula zabibu kali na meno ya watoto yakatiwa ganzi, akatangaza kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Tena Simoni wa Samaria alipomletea Petro fedha ili apewe uwezo wa kiroho, Petro alizikataa kwa maneno makali ambayo unaweza kuyasoma katika Matendo 8. Anayekupangia bei ya kufunguliwa anauza kisichokuwa chake.

Sasa nirudi kwenye sentensi yako ya mwisho, ile uliyoiandika kama nyongeza. Mimi naona ndiyo barua yenyewe.

Wakristo wa Korintho walikuwa na kila kitu ambacho sisi tungekiita dalili ya kukua. Paulo anawashuhudia, mwanzoni kabisa mwa waraka wake wa kwanza, kwamba hawakupungukiwa na karama yoyote. Walinena kwa lugha, walitoa unabii, na ibada zao zilijaa watu wenye la kusema. Lakini katika sura ya 3 anawaita watoto wachanga wanaostahili maziwa na si chakula kigumu, na anapotoa sababu hasemi kwamba hawafungi wala kwamba hawahudhurii. Anasema kwamba kwao kuna husuda na fitina. Hapo ndipo wengi wetu tunapojidanganya, kwa sababu makanisani tunapima ukomavu kwa idadi ya kamati ambazo mtu yumo, ilhali mtume aliupima kwa namna waamini wanavyoishi na ndugu zao. Kwa kipimo hicho, mweka hazina wa kwaya asiyesemezana na kaka yake hana sababu ya kwenda kutafuta kizuizi chake kwenye makaburi ya mababu.

Bwana wetu mwenyewe alilisema jambo hili kwa namna isiyotuachia mwanya. Katika Mathayo 5 anamtaja mtu aliyefika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka hapo hapo kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Angalia kwamba mwenye kinyongo katika mfano huo ni yule ndugu, wala si mleta sadaka. Hivyo hata kama una uhakika kwamba katika suala la kiwanja wewe ndiwe uliyeonewa (nami sina namna ya kujua), agizo la kwenda kupatana kwanza linakuhusu.

Wazee wetu wa uamsho walilielewa hili vizuri. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na huku kwetu upande wa Bukoba, haukujulikana kwa nyimbo na ushuhuda pekee. Ulijulikana pia kwa watu waliorudisha walichoiba, waliolipa madeni yaliyosahauliwa na waliowaendea majirani zao kuomba radhi. Sitetei kila walilolifanya, kwani kuungama hadharani kuliwahi kuanika siri za watu wengine ambao hawakuombwa ruhusa. Lakini walijua kwamba toba isiyofika mlangoni kwa mtu uliyekosana naye ni nusu ya toba.

Utafanyaje basi? Usianze na simu, wala usianze na ujumbe mrefu wa usiku ambao utausoma mara tatu na kuujutia asubuhi. Nenda mwenyewe, na kama mambo yenu yalifikia vitisho, mtangulize mjomba au shangazi ambaye nyote wawili mnamheshimu. Ukifika, usizungumzie kiwanja siku hiyo. Kiri sehemu yako tu: maneno uliyoyasema msibani, salamu ulizomnyima, watoto wake uliowakwepa, au lolote ambalo dhamiri yako inalijua. Ukiongeza neno “lakini” katikati ya kuomba radhi, utakuwa umefungua kesi upya. Kusamehe hakukulazimishi kuacha haki yako ya urithi. Hilo lipelekeni kwenye kikao cha wazee wa ukoo au kwa waamini wenye hekima, kama Paulo anavyoelekeza katika sura ya 6 ya waraka ule ule wa kwanza kwa Wakorintho. Inawezekana kaka yako akakataa. Warumi 12 inasema mkae kwa amani na watu wote kama yamkini, kwa upande wenu, nawe hutadaiwa upande ambao si wako.

Kuhusu usingizi nina neno moja tu. Nabii Elia alipoomba afe chini ya mti uitwao mretemu, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Mama wa watoto watatu mwenye huduma tatu anaposinzia juu ya Biblia saa tano usiku, huenda amechoka, basi. Jiuzulu kwenye kamati ya ujenzi. Jengo litakwisha.

Siwezi kukuahidi kwamba ukishapatana na kaka yako utamu wa mwaka 2009 utarudi. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na bado Kanisa limeihesabu miongoni mwa sala zake. Maneno yakikuishia, soma Zaburi moja kwa sauti na uinuke.

SWALI: Kila Januari naanza kusoma Biblia kutoka Mwanzo, na kila mwaka nakwama kwenye Walawi. Nifanye nini? (Kijana, Morogoro)

JIBU: Uko pamoja na wengi. Biblia ni mkusanyo wa vitabu vingi, na hakuna sheria inayokutaka kuvisoma kwa mfuatano wake. Anza na Injili ya Marko, ambayo ina sura 16 na inaweza kumalizika jioni moja, kisha uirudie polepole, sura moja kwa siku. Walawi utairudia baadaye, nawe uanzie sura ya 19, kwa sababu amri ya kumpenda jirani yako kama nafsi yako, ambayo Yesu aliitaja kuwa ya pili kwa ukuu, imetoka humo, mstari wa 18.